Picha Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwausia wafanyabiashara, lakini usia wao unamfaa pia kila mtu wa leo atengenezaye picha kwa kompyuta au simu ya mkononi. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu mdomo wa Mto Ruvuma hadi Palma na Mocímboa da Praia, picha si pambo la ukutani tu. Kwa jamaa nyingi imekuwa ndiyo hati, ndiyo kumbukumbu, na mara nyingine ndiyo njia pekee ya kumtambulisha ndugu aliyepotea. Kwa hiyo kila linalofanywa juu ya picha hiyo hapana budi liandikwe.

Vijana wenye mkono mwepesi wa sanaa wameenea siku hizi katika kila mji wa pwani. Huchukua picha ya bibi harusi wakaifanya kadi ya mwaliko; huchukua sura ya marehemu wakaizungushia maua na pindo la kanga; hugeuza picha ya mzee ikafanana na mchoro wa kalamu au kinyago cha mpingo. Kazi hizo zote hufanywa kwa vichujio, navyo ni vyombo vizuri. Aibu yake moja ni kwamba kichujio hakiachi alama ya nyayo: kikipita, hakionyeshi kilipopita.

TUI LA KWANZA NA TUI LA PILI

Kichujio cha picha, ambacho wasemao Kireno katika pwani hiyo hukiita filtro, chaweza kueleweka na kila mwenye jiko. Nazi ikikunwa hutiwa maji, ikakamuliwa katika kifumbu. Linalopita ni tui, linalobaki ni machicha. Kichujio cha picha nacho hupitisha baadhi ya mambo na kuzuia mengine. Kimoja hupunguza rangi ya manjano, kingine huondoa chembechembe zinazotokea picha ikipigwa gizani, kingine hulainisha ngozi, na kingine hunoa kingo za vitu ili vionekane wazi.

Mpishi wa pwani ajua pia kwamba mpangilio una maana. Huanza kuchemsha kwa tui jepesi, na tui zito akalitia mwishoni. Akipindua mpangilio huo tui hukatika, na hapana mwiko uwezao kulirudisha. Vichujio navyo ni hivyo hivyo. Picha iliyolainishwa kwanza kisha ikanolewa haifanani na picha iliyonolewa kwanza kisha ikalainishwa, hata kama vipimo ni vile vile. Katika ile ya kwanza, mistari myembamba hufutika mapema, na kunoa kunakofuata hakuna cha kunoa ila kingo kubwa zilizobaki.

Ndiyo maana haitoshi msanii kukumbuka kwamba alitumia vichujio vitatu. Yampasa ajue ni vipi, kwa kipimo gani, juu ya sehemu gani ya picha, na kipi kilitangulia kipi. Asiyejua hayo hawezi kuirudia kazi yake mwenyewe. Mteja akija baada ya miezi mitatu na kutaka picha ya mume iwe na rangi ile ile kama ya mke, msanii hubaki kubahatisha, na ukuta wa nyumba hupata mume mwekundu na mke wa kijivu.

PWANI ILIYOPOTEZA HATI ZAKE

Jambo hili lina uzito wa pekee huko Cabo Delgado. Mnamo tarehe 5 Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa na watu wenye silaha, na tangu hapo vita havikulipa jimbo hilo nafasi ya kupumua. Mwezi Agosti 2020 mji huo ulitekwa, ukakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda tarehe 8 Agosti 2021. Kati ya siku hizo mbili, tarehe 24 Machi 2021, Palma nayo ilivamiwa. Watu walikimbia kwa miguu kupitia misituni, wengine wakapanda vyombo na kuelekea Pemba, na wengine wakaelekea Ruvuma. Askari wa nchi za Kusini mwa Afrika, wakiwamo Watanzania, walitumwa huko kuanzia Julai 2021 hadi ujumbe wao ulipofungwa Julai 2024. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 2022, waliohama makwao walitajwa kuwa wapata milioni moja.

Mtu akimbiaye risasi hachukui sanduku. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na albamu za harusi viliachwa, na vingi viliungua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji, limekuwa likiwasaidia wahamaji hao kupata hati upya. Lakini katika mifuko ya wengi kilichosalia ni simu, na ndani ya simu ni picha.

Picha hizo ndizo zinazopelekwa kutoka mkono hadi mkono, kutoka Pemba hadi Mtwara, ili kuulizia jamaa. Sasa na ifikiriwe picha ya kijana aliyepotea ambayo ilikwisha kulainishwa uso kwa ajili ya sherehe. Kovu la juu ya nyusi halipo. Rangi ya ngozi imekuwa nyeupe kuliko alivyo. Kamera ya mbele ya simu nyingi huweza kugeuza picha kama kioo, hata baka la shavu la kulia likaonekana shavu la kushoto. Mlinzi wa kizuizi cha barabarani, au mhudumu wa kambi, akipewa picha hiyo, anamtafuta mtu ambaye hakupata kuzaliwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila hakuna aliyeandika lililofanyika, na picha ya asili haikutunzwa.

CHALE ZA BIBI

Pwani hiyo na nyanda za juu za Mueda zilizo nyuma yake zinakaliwa na Wamwani, Wamakua na Wamakonde. Nyuso za wazee wao zimebeba mengi. Wamakonde wa vizazi vilivyopita, wa pande zote mbili za Ruvuma, walichanjwa chale za mistari na pembe usoni na mwilini, na wanawake wakavaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Desturi hiyo imekoma kwa sehemu kubwa, na wazee wenye alama hizo wanazidi kupungua. Wanawake wa pwani nao hujipaka msiro, ule ukandiko mweupe upatikanao kwa kusugua kijiti cha mti juu ya jiwe lenye maji kidogo.

Kichujio cha kulainisha ngozi hakijui chale wala hakijui msiro. Hicho hutafuta mistari myembamba na mabaka, kikayahesabu yote kuwa ni kasoro. Chale alizochanjwa bibi kwa siku nyingi za maumivu hufutwa kwa kugusa kidole mara moja. Kichujio cha kung'arisha uso nacho hupunguza tofauti baina ya msiro na ngozi, hata urembo wa mama ukaonekana kama vumbi. Vichujio vipya zaidi havifuti tu bali hubuni: huweka kope, meno na mashavu ambayo mwenye uso hakuwa nayo.

Mjukuu atakayeiona picha hiyo miaka hamsini ijayo ataamini kwamba bibi yake alikuwa na uso usio na alama. Msanii mwenye adabu hazuiwi kuipamba picha. Anachotakiwa ni kuweka wazi kwamba hapa uso wa bibi unaishia, na hapa mkono wa msanii unaanzia.

WALIVYOFANYA WA ZAMANI

Si kweli kwamba picha za zamani hazikuguswa. Wapiga picha za rangi nyeusi na nyeupe walifunga kioo cha manjano au chekundu mbele ya kamera ili anga la buluu lionekane jeusi zaidi na mawingu yatokeze. Katika chumba cha giza walizuia mwanga kwa mkono sehemu moja ya karatasi na kuurefusha sehemu nyingine. Wakati wa vita vya ukombozi, kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, FRELIMO ilikuwa na idara yake ya habari na uenezi mjini Dar es Salaam, na picha za maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado na Niassa zilipitia huko kabla ya kuonyeshwa ulimwenguni.

Lakini chumba cha giza kilikuwa na mlinzi wake, nayo ni filamu yenyewe. Karatasi ingeweza kuchapwa mara kumi kwa namna kumi, na filamu ikabaki vile vile, tayari kuulizwa. Mpiga picha hodari aliandika nyuma ya karatasi au katika daftari sekunde alizotumia na kioo alichofunga, ili kesho aweze kuchapa nyingine iliyo sawa. Picha ya kompyuta haina mlinzi wa namna hiyo. Msanii akihifadhi kazi juu ya faili la asili, amechoma filamu yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ulimwengu umekwisha kujifunza hayo kwa gharama. Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters liliziondoa katika hazina yake picha 920 za mpiga picha mmoja baada ya kugunduliwa kwamba moshi katika picha yake ya Beirut ulikuwa umezidishwa kwa kompyuta. Mwaka 2015, katika mashindano ya World Press Photo, picha 20 katika kila 100 zilizofika duru ya kabla ya mwisho zilitupwa nje baada ya kulinganishwa na mafaili yake ya asili. Wengi wa wapiga picha hao si waongo. Walitia giza na kufuta vijambo vidogo bila kuona kwamba wamevuka mpaka.

YALIYOMO KATIKA DAFTARI

Namna ya kutunza kumbukumbu ni nyepesi, wala haihitaji umeme. Daftari la shule la kurasa mia na kalamu ya wino vyatosha. Kanuni ya kwanza ni kwamba picha ya asili haiguswi. Hupewa jina na namba sifuri, ikanakiliwa, na kazi yote ikafanywa juu ya nakala. Kila hatua kubwa huhifadhiwa kwa namba inayofuata, na katika daftari huandikwa mambo matano: tarehe, jina la kichujio, kipimo chake, sehemu iliyoguswa, na sababu. Huu hapa ni mfano wa ukurasa mmoja:

BIBI-00. Picha ya asili. Haiguswi. Nakala mbili zimewekwa.

BIBI-01. Tarehe 12 Mei. Mwanga umeongezwa, kipimo 15, picha nzima. Sababu: uso ulikuwa gizani.

BIBI-02. Tarehe 12 Mei. Manjano yamepunguzwa, kipimo 10, picha nzima. Sababu: picha ilipigwa kwa mwanga wa kibatari.

BIBI-03. Tarehe 13 Mei. Chembechembe zimepunguzwa, kipimo 3, ukuta wa nyuma peke yake. Uso haukuguswa kwa ajili ya chale.

BIBI-04. Tarehe 13 Mei. Picha imenolewa, kipimo 20, macho na chale peke yake. Sababu: itachapwa kubwa.

BIBI-05. Tarehe 14 Mei. Imepunguzwa ukubwa kwa kutumwa kwa simu. Alama za mahali zimeondolewa.

Safu ya sababu ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Kipimo humweleza msanii alilolifanya, lakini sababu humweleza kama afanye tena. Manjano yaliyopunguzwa kwa ajili ya kibatari hayana haja ya kupunguzwa katika picha iliyopigwa juani. Asiyeandika sababu hunakili dawa ya mgonjwa mmoja akampa mwingine.

Yafaa pia kuandika jina la programu na namba ya toleo lake, kwa kuwa kichujio chenye jina lile lile katika programu mbili hakitoi matokeo yale yale. Kipimo 20 cha huku chaweza kuwa kipimo 5 cha kule.

PROGRAMU HUKUMBUKA NINI

Watu hudhani kwamba kompyuta hukumbuka yote. Haikumbuki. Programu ya Photoshop, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1990, iliongezewa orodha ya hatua mwaka 1998, lakini orodha hiyo hufutika faili likifungwa. Mwenye kutaka ibaki lazima aiamuru programu iandike hatua zake katika faili la maandishi. GIMP, ambayo hutolewa bure na yaweza kutumiwa katika kompyuta ya kawaida, nayo hupoteza orodha ya kurudi nyuma ikifungwa, ingawa hutunza vipimo vya vichujio vilivyotumika karibuni pamoja na saa yake.

Iko njia iliyo bora zaidi, nayo ni kuweka kichujio kama tabaka juu ya picha badala ya kukichanganya ndani yake. Ni kama kumvisha mtu shuka badala ya kumpaka rangi: shuka huvuliwa. Photoshop ilianza kuwa na vichujio vya namna hiyo mwaka 2007, na GIMP katika toleo lake la 3.0 lililotoka Machi 2025. Krita, nayo ya bure, inavyo pia. Atumiaye njia hiyo na ahifadhi kazi katika faili la programu yenyewe, maana akiigeuza kuwa JPEG matabaka yote huungana, na sehemu ya picha hupotea kila ihifadhiwapo upya.

Mwaka 2021 makampuni makubwa, wakiwamo Adobe, Microsoft na BBC, yaliunda umoja wa kuweka ndani ya faili cheti kinachoeleza picha ilikotoka na iliyofanyiwa. Ni jambo jema. Hata hivyo cheti hicho chaweza kung'oka picha ipitapo katika mitandao, nacho hakimfikii bado kila mwenye simu ya bei nafuu. Daftari la karatasi limekwisha kumfikia.

POLISI NA MAHAKAMA

Lililo adabu kwa msanii ni wajibu kwa askari polisi. Maofisa wakuu wa polisi wa Uingereza waliweka kanuni nne za ushahidi wa kompyuta, na ya tatu ilisema kwamba kila hatua iliyofanywa juu ya ushahidi iandikwe na kutunzwa, ili mtu mwingine asiyehusika aweze kuirudia na kupata matokeo yale yale. Kanuni hiyo ni ile ile ya daftari la bibi, ila imevaa sare.

Hapa Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 chaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa namna hiyo, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Askari aliyeongeza mwanga ili namba ya gari isomeke hakukosea. Atakosea akishindwa kueleza kizimbani ni kichujio gani alichotumia na picha ya asili iko wapi. Wakili wa upande wa pili hahitaji kuthibitisha kwamba picha ni ya uongo. Humtosha kuonyesha kwamba hakuna ajuaye iliyofanyiwa.

TAHADHARI KWA JAMAA ZA ASKARI

Liko jambo moja ambalo picha ya asili huwa hatari. Simu nyingi huandika ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa. Picha ya mume akitabasamu mbele ya hema, ikitumwa ovyo, yaweza kueleza kambi ilipo kwa usahihi wa hatua chache. Kwa hiyo picha ya asili hukaa nyumbani, na itumwayo ni nakala iliyoondolewa alama hizo, na jambo hilo nalo huandikwa, kama ilivyo katika BIBI-05.

Kinyume chake, picha ya kumtafuta jamaa au ya kupelekwa kituoni isitumwe kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu njia hiyo huibana picha na kuitupa nje habari iliyobebwa ndani yake. Itumwe kama hati, nayo itafika kama ilivyo. Mwenye kumtafuta ndugu na apeleke picha isiyopambwa, hata ikiwa haipendezi, pamoja na maneno machache: ilipigwa lini, imegeuzwa kama kioo au la, na alama gani za mwili zimejificha.

Kuhusu utunzaji, nakala moja haitoshi. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na kadi za kumbukumbu ni ndogo kama ukucha. Kadi moja na iwekwe katika kopo lenye kifuniko kinachobana, na nyingine ikae kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Waliokimbia Palma wamelifundisha hilo: nyumba moja huungua kwa siku moja, lakini nyumba mbili zilizo mbali ni nadra kuungua pamoja. Daftari nalo lipigwe picha, kila ukurasa, lisafiri pamoja na kazi zake.

Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Mapambo ya picha ni msala upitao: mwaka huu watu wapenda nyuso nyeupe, mwakani watapenda rangi ya dhahabu. Mbacha ni uso wenyewe, wenye kovu, chale na msiro wake. Kijana wa pwani aendelee kupamba, maana harusi hazina raha bila mapambo. Lakini usiku, kabla ya kuzima kompyuta, na afungue daftari, aandike mistari miwili. Kazi hiyo haizidi dakika tano, nayo yaweza kumrudisha mtu kwao.